Daktari wa ngozi aliyeniambia nivue viatu

Mwaka jana mwezi wa tatu nilianza kuwashwa shingoni, chini ya sikio la kushoto, alama ndogo ya duara, yale mashilingi tuliyozoea kuona kwa watoto. Nikitoka kazini nikapita kemisti ya hapo steji Umoja, kijana akaangalia sekunde mbili hivi akanipea tyubu ya krimu ya mia mbili, akasema siste paka asubuhi na jioni itaisha. Na kweli siku tatu tu kuwashwa kukaisha, nikafurahi. Wiki ya pili ikarudi kubwa kuliko mwanzo, nikapaka, ikatulia, ikarudi tena imeshuka mpaka kifuani na sasa haikuwa hata na mduara, ilikuwa tu weusi weusi usioeleweka. Nilipaka hivyo miezi minne.

Alafu nikafanya kosa la pili, na hili ndilo naona watu wengi wakifanya. Nikaona tangazo kwa simu la kliniki ya ngozi huko tao, picha za kabla na baada, mtu amevaa koti jeupe, nikaenda. Nikalipa 6,500 nikapakwa dawa ya kuchubua, sikuulizwa swali lolote zaidi ya kama nina mzio. Kesho yake shingo ilikuwa inauma mpaka kola ya shati singeweza kuvumilia.

Dadangu mkubwa ni nesi. Nilipomtumia picha alinipigia hapo hapo akaniuliza swali moja tu: "Huyo aliyekupaka ni daktari? Ulimwangalia kwa KMPDC?" Sikuwa najua mtu wa kawaida anaweza kuangalia. Kumbe KMPDC, hilo baraza linalopea madaktari leseni Kenya, lina orodha kwa tovuti yao, unaandika jina la daktari unaona kama amesajiliwa na ni mtaalamu wa nini, na hulipi chochote. Leseni inafanywa upya kila mwaka kwa hivyo angalia kama ni ya mwaka huu. Nikatafuta yule wa koti jeupe, hakuwepo. Kwa hivyo kabla hujatuma pesa ya miadi, pigia kliniki uulize majina kamili ya atakayekuona, si lile jina la biashara, na wakianza kuzunguka zunguka achana nao.

Lakini hapa niseme kitu kwa haki. Kuna maklinikolofisa, wale wahudumu wa afya wanaotibu ingawa si madaktari, waliosomea ngozi, wengine walienda Moshi, Tanzania, kwa ile shule ya hospitali ya KCMC iliyoanza 1992 kufundisha magonjwa ya ngozi kwa nchi nyingi za Afrika, na hao huwapati kwa orodha ya KMPDC juu wanasajiliwa na baraza lao la maklinikolofisa. Hao si matapeli, wanajua kazi. Uliza tu amesajiliwa wapi, mtu halali hatakasirika kuulizwa.

Majina ya madaktari nilitoa kwa watu, kwa grupu la wasap la chama na kwa wale wa kanisa, lakini niliuliza hivi: nani aliwahi kuwa na kitu cha kuwasha kinachorudi rudi na akapona? Ukiuliza tu daktari mzuri wa ngozi utaletewa mpaka wa kutoa nywele kwa leza. Nikabaki na wanne, nikawapigia wote niulize bei ya kuonwa, kama wanapima hapo hapo, na kama kurudi baada ya wiki mbili nalipa tena. Mmoja alikataa kusema bei mpaka nifike, huyo nikamtoa.

Niliyemchagua ako upande wa Ngong Road, mama mtu mzima, 3,500. Dada alikuwa ameniambia nibebe kila kitu nilichowahi kupaka, nisipake chochote asubuhi hiyo, na nitoe rangi ya kucha. Daktari akaniambia weka vyote hapa mezani. Akachukua tyubu moja moja akageuza nyuma akasoma ile maandishi midogo, akanionyesha kwa kidole neno betamethasone. Akasema hiyo ni steroidi, inatuliza kuwashwa lakini inalalisha kinga ya ngozi, na kama chini kuna fangasi basi fangasi wanasambaa kimya kimya na hata umbo lao linapotea. Ukiona hilo neno ama clobetasol kwa krimu ambayo hakuna daktari amekuandikia, iweke kando kwanza uulize.

Alafu akachukua kisu kidogo, akakwangua pembeni pa ile alama polepole, haikuuma, vumbi jeupe likaanguka kwa kigae cha kioo, akaweka tone la dawa, akangoja kidogo akaangalia kwa hadubini. Akaniita, "Njoo uone mwenyewe." Nikaona nyuzi nyuzi nyembamba kama mizizi. Miezi minne, na jibu lilipatikana bila hata kutoka kwa hicho chumba!

Nikadhani tumemaliza. Akasema vua viatu. Nilishangaa, mimi nimekuja na shingo. Kumbe katikati ya vidole vya mguu ngozi ilikuwa nyeupe imelainika, fangasi yule yule, na taulo ndilo lilikuwa linampandisha juu. Tangu siku hiyo mimi humpima daktari wa ngozi kwa hilo, kama anaangalia mwili ama anaangalia tu pale unamuonyesha. Bob Marley saratani yake ya ngozi ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikajulikana 1977 na akafariki 1981. Ngozi nyeusi ikipata hiyo saratani mara nyingi ni huko, nyayo, viganja na kucha, mahali mtu hafikirii kuonyesha.

Alinipea vidonge na krimu nyingine, akasema nitumie taulo langu peke yangu, na akanieleza mapema kwamba ule weusi utabaki miezi hata baada ya fangasi kuisha, nisikimbilie sabuni za kung'arisha. Hilo lilinisaidia sana juu ningerudi tu kwa ile kliniki ya tao.

Kama pesa ni ngumu, anza kituo cha afya cha karibu, ubebe SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, ueleze tatizo limekaa muda gani, uitishe barua ya rufaa. Hospitali ya Kenyatta kuna kliniki ya ngozi. Foleni ni ndefu, amka mapema ubebe chai.

Nikiwa nimeshika mlango daktari akaniita tena. Akasema ukimeza hizi dawa, ama dawa nyingine yoyote, alafu uone malengelenge, ama vidonda mdomoni, ama macho yanachoma, acha hiyo dawa na usingoje miadi yangu, enda kasualti usiku huo huo na pakiti ya dawa mkononi.