Maswali ya Wasomaji: Karatasi Iliyorudishwa Juu ya Ndoo

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Ninaishi Tanga, katika nyumba ya kupanga yenye familia tano zinazotumia uani mmoja na bomba moja. Mlango unaotazamana na wangu ni wa bibi mmoja Mwislamu, mjane, ambaye tangu nihamie hapa amenilea kama binti yake. Mwanangu akishikwa na homa yeye ndiye huja na kitambaa cha maji kumkanda, na katika mwezi wa Ramadhani haipiti jioni asiniletee bakuli la uji au tambi. Mwaka huu kanisani kwetu tumefundishwa kwa miezi mitatu habari za nyakati za mwisho, tukaambiwa kutoka Ezekieli 33 kwamba damu ya jirani asiyeonywa itatakwa mikononi mwetu. Nikaingiwa na hofu. Nilipitisha chini ya mlango wake kipeperushi chenye picha ya moto, kisemacho kwamba Yesu anarudi na muda umekwisha, na nikaanza kuwafundisha wajukuu wake wawili nyimbo za shule ya Jumapili. Kesho yake nilikuta kile kipeperushi kimekunjwa mara nne na kuwekwa juu ya kifuniko cha ndoo yangu. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu, na wajukuu hawaji tena kwangu. Je, haya ndiyo mateso tuliyotabiriwa? Na nifanye nini, maana muda ni mfupi? — Mama wa watatu, Tanga.

JIBU: Dada yangu mpendwa, nianze na hiyo karatasi, kwa kuwa naona bibi alikujibu kwa njia hiyo nawe hukumwelewa. Mtu aliyeghadhibika huichana, au huwashia jiko la mkaa; yeye aliikunja akairudisha mahali ambapo ungeiona wewe, bila wapangaji wengine kujua lililopita kati yenu. Hayo si mateso. Huyo ni mtu mzima aliyekusitiri, huku akikujulisha kwamba ulivyomwendea hakukumpendeza.

Tena jiulize ulimwambia nini ambacho hakukijua. Mwislamu aliyesoma chuo cha Kurani utotoni amefundishwa habari za Kiyama na dalili zake, habari za Dajali, yule mdanganyifu wa siku za mwisho, na kwamba Isa bin Maryamu atashuka tena duniani. Anaamini pia kwamba ujuzi wa saa hiyo uko kwa Mungu peke yake, jambo ambalo Bwana wetu naye alilisema katika Mathayo 24:36. Kwa hiyo ile picha ya moto ilimpelekea hofu aliyokuwa nayo tangu akiwa binti mdogo, na ikaliacha nje lile linalotutenganisha kweli, ambalo ndilo habari njema yenyewe: kwamba Yesu alisulubiwa kwa ajili yetu, akafa, akafufuka. Yeye amefundishwa kwamba Isa hakusulubiwa. Jambo zito namna hiyo halipiti chini ya mlango. Huzungumzwa mkekani, kwa siku nyingi, na kwa ridhaa ya mwenye mkeka.

Kuhusu Ezekieli, sipendi kumpinga mchungaji wako bila kumsikia, lakini isome sura hiyo mwenyewe. Mlinzi anayedaiwa damu humo aliwekwa juu ya nyumba ya Israeli, watu wake mwenyewe, waliomjua Mungu na kumwacha. Kuigeuza sura hiyo kuwa deni la damu analodaiwa mama mpangaji kwa kila mlango wa uani ni kumtwisha mtu mzigo ambao mitume hawakumtwisha. Petro, aliyeamini kabisa kwamba mwisho umekaribia, anasema hivyo waziwazi katika waraka wake wa kwanza, 4:7, na mara moja anataja yanayofuata: kuwa na akili, kukesha katika sala, kupendana kwa juhudi, kukaribishana pasipo kunung'unika. Kwake yeye ukaribu wa mwisho ulikuwa sababu ya kupika na kufungua mlango. Katika sura ya 3:15 anatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, tena kwa upole na kwa hofu. Swali linatoka kwa jirani. Kazi yetu ni kuishi kwa namna itakayomfanya aulize, na tukiulizwa tusijiumeume.

Nakueleza haya nikiwa mtu aliyewahi kuungua. Desemba 1999, nikiwa kijana mwenye bidii kuliko maarifa, nilisimama barazani kwa mzee mmoja jirani yetu nikamwambia kwamba dunia haitaiona Januari. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha kahawa. Januari ilipofika, kisima chetu kilikuwa kimekauka, na kisima pekee chenye maji mtaani kilikuwa chake. Nilikwenda na ndoo mbili, nikimwamkia huku natazama chini. Hakunikumbusha, ingawa nilitamani anikumbushe tuyamalize. Miezi miwili baadaye, tarehe 17 Machi 2000, tulisikia habari za Kanungu, Uganda, ambako viongozi wa kikundi kimoja walitangaza mwisho wa dunia, tarehe ikapita, wakataja nyingine, na mamia ya watu wakafa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kwa kufunga hadi kufa watakutana na Yesu. Kutoka Tanga hadi huko si mbali. Bibi anapoona karatasi ya moto na hapohapo anawasikia wajukuu wake wakifundishwa nyimbo ambazo hakuziruhusu, ana haki ya kuogopa.

Katika hilo la wajukuu, dada, ulikosea, na sitalipunguza. Mtoto wa mtu hafundishwi dini nyuma ya mgongo wa mlezi wake. Fikiri wewe ungejisikiaje kama wanao wangerudi wakisoma sura za Kurani walizofundishwa bila wewe kuulizwa.

Mwaka 1844 una kisa ninachopenda kuwasimulia vijana. Nchini Marekani maelfu ya wafuasi wa mhubiri William Miller waliingoja tarehe 22 Oktoba, waliyoamini kuwa siku ya kurudi kwa Bwana, na wengine waliacha mazao shambani bila kuvunwa. Mwaka huohuo mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa, akamzika mkewe na mtoto wao mchanga mwezi Julai, na akiwa katika majonzi hayo alikuwa akijifunza Kiswahili na kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa mji, Mwislamu. Hadi alipoondoka, waliobatizwa walihesabika kwa vidole. Sidhani kama aliipoteza miaka ile.

Sasa la kufanya. Bakuli la mwisho alilokuletea, kama bado liko kwako, usilirudishe tupu. Lakini usitie karatasi ndani yake. Nenda jioni, mwamkie kama ulivyozoea, na umwambie kwa maneno machache: "Bibi, ile karatasi niliiweka bila kukuuliza, na watoto niliwafundisha bila idhini yako. Niwie radhi." Usiongeze "lakini". Akinyamaza, nyamaza naye. Siku atakapokuuliza kwa nini uliogopa kiasi kile, au atakapokuona una utulivu msibani, mweleze bila kuficha kwamba tumaini lako ni Kristo aliyefufuka, na umweleze alivyokutendea wewe. Usimtaje Mtume wake kwa ubaya, na usijifanye kwamba imani zenu ni moja. Watu wazima huweza kutofautiana wakiwa wameketi mkeka mmoja.

SWALI: Mchungaji, katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu nimetuma video inayoonyesha kwamba chanjo ya Uviko ilikuwa chapa ya mnyama, 666. Baadhi ya majirani wamenicheka na wengine wamejitoa. Je, niendelee kwa ajili ya ushuhuda? — Kijana, Morogoro.

JIBU: Usiendelee. Chapa ya Ufunuo 13 inahusu nani anayesujudiwa, na hakuna mtu aliyemwabudu mnyama kwa kuchomwa sindano akiwa amepanga foleni zahanati. Ukishuhudia jambo lisilo kweli, jirani atakapokusikia ukisema kwamba Yesu amefufuka atalipima kwa mizani ileile. Ifute video hiyo, kisha uandike katika kundi hilohilo, kwa jina lako, kwamba umeifuta kwa sababu haikuwa kweli. Waliojitoa, wafuate mmoja mmoja ukawaambie hivyohivyo kwa mdomo.