Kabla Hujachomoa Terminali ya Betri

Wadogo zangu mnaoingia gereji mwaka huu, wengine mmetoka VETA Chang'ombe na vyeti vyenu, wengine mmeletwa na mjomba mshike tochi mkiangalia. Nimefanya umeme wa magari hapa Tabata miaka 17. Kazi ninayoiona ikiharibiwa kila wiki ni ile inayodhaniwa nyepesi kuliko zote: kuchomoa betri, kubadili kifaa, kurudisha terminali. Spana namba 10, dakika 5, mteja analipa anaondoka. Keshokutwa anarudi, sailensi (ule mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, vioo havipandi vyenyewe, redio imefunga, na kila mtu gereji anasema "gari lilikuwa zima, ni betri tu ilibadilishwa".

Tuanze na kile kinachopotea unapochomoa. Ndani ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, kuna kumbukumbu za aina mbili. Moja ni programu iliyoandikwa kiwandani, hiyo haifutiki hata betri ikikaa nje mwezi mzima. Nyingine ni yale ambayo gari limejifunza lenyewe barabarani: throto, yaani mlango wa hewa ya injini, ifunguke kiasi gani ili injini ishike sailensi, mafuta yaongezwe au yapunguzwe kiasi gani, na hitilafu gani zimetokea. Kwenye magari mengi tunayoyashika hapa mjini, hiyo ya pili inaishi kwa moto mdogo wa betri unaoingia saa zote, hata funguo ikiwa mfukoni kwa mwenye gari. Ukichomoa, imekwenda. Magari mapya zaidi huhifadhi mengi mahali pasipofutika, kwa hiyo hata ile tabia ya "chomoa betri taa ya injini izime" huko haifanyi kazi.

Sasa niwaambie kosa nililolifanya mimi, kwa sababu ndilo lililonifundisha kazi hii.

Alikuja kaka mmoja dereva wa teksi za mtandaoni, ana Toyota IST, taa ya injini imewaka. Mashine ya kupimia kompyuta ya gari ilikuwa kwa fundi mwenzangu, nami nilikuwa na haraka. Nikafungua sensa ya hewa, nikaipuliza dawa, nikachomoa terminali dakika 10, nikarudisha. Taa imezima. Akalipa, akashukuru. Siku ya tatu huyo hapo.

"Fundi, ile taa imerudi."

"Imewaka gari likiwa linafanya nini, kaka?"

"Mi sijui bwana. Nimeiona tu nipo kwenye foleni ya Buguruni, nimesimama."

Nikashika spana tena. Mzee aliyenifundisha kazi, tulikuwa tunamwita Baba, akaweka kiganja juu ya betri. Akaniambia, "Mwanangu, juzi ulifuta barua kabla hujaisoma. Leo soma kwanza."

Tukachomeka mashine. Kodi, yaani namba ya hitilafu, ilikuwa P0171, maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Lakini kodi peke yake ingeweza kunipeleka popote: pampu ya mafuta, nozeli, sensa. Kilichonifumbua macho ni picha ya tukio, yale maelezo ambayo kompyuta huyanakili sekunde ile hitilafu inapotokea. Spidi 0. Injini imepata joto kamili. Mzunguko kama 700 kwa dakika. Yaani gari limesimama, vilevile kama kaka alivyosema. Baba akanionyesha masahihisho ya mafuta: kwenye sailensi kompyuta ilikuwa inaongeza mafuta zaidi ya asilimia 20. Akaniambia nipige resi hadi 2,500 nishikilie hapo. Ile namba ikashuka taratibu mpaka karibu na 5.

Ukielewa kwa nini imeshuka, umeelewa nusu ya kazi. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hewa ya wizi inayopenya kwenye tundu ni sehemu kubwa ya ile inayoingia, na sensa haikuihesabu. Ukipiga resi hewa ya halali inakuwa nyingi, tundu ni lilelile, wizi unaonekana mdogo. Pampu ikichoka mambo huwa kinyume: sailensi inakuwa nzuri, gari linakufa nguvu ukilikanyaga. Tukaingiza mkono nyuma ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye injini. Mpira wa kupumulia injini ulikuwa umechanika upande wa chini, pale ambapo jicho halifiki, vidole tu ndivyo vilivyouona. Mpira wenyewe ulikuwa wa bei ndogo mno ukilinganisha na pesa niliyomtoza yule kaka mara ya kwanza. Nilimrudishia.

Kwa hiyo mpangilio wangu tangu siku ile ni huu, na kijana anayefanya kazi kwangu haruki hata hatua moja. Kwanza mashine, kodi zote, sio za injini tu: gia boksi, breki, eabegi. Andika kwenye daftari, au piga picha kioo cha mashine kwa simu. Ndipo ushike spana.

Kuhusu mashine, msidanganyike na vile vidude vidogo vya Bluetooth vya bei ndogo. Soketi ya matundu 16 ya kuchomekea mashine kuwepo chini ya usukani haina maana kwamba gari linazungumza lugha inayojulikana kote. Lugha hiyo ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la ndani la Japani, na ya miaka ile yana soketi hiyohiyo ila kidude cha kawaida hakipati jibu. Usimwambie mteja kontroli boksi imekufa kwa sababu simu yako haijaunganisha. Tafuta mashine yenye menyu ya magari ya soko la Japani.

Pili, pima betri kabla ya kuilaumu au kuisifu. Injini ikiwa imezimwa na gari limetulia, betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Gari likiwaka unataka kuona kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Betri dhaifu huzalisha kodi za uongo, kompyuta zinakosa moto wakati wa kupiga stata na kila moja inalalamikia mwenzake. Nimeona dashibodi imewaka kama Krismasi, dawa yake ikawa kuchaji betri usiku mmoja.

Na kuna mchezo wa zamani niuseme hapa kwa nguvu: kuchomoa terminali injini ikiwa inaunguruma ili kuona kama altaneta inachaji. Acheni kabisa! Betri ndiyo inayotuliza moto wa altaneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu na kupita kwenye kila kompyuta ya gari. Enzi za kabureta gari lilivumilia. Leo unaweza kuua kontroli boksi kwa kitendo cha sekunde 2. Mita ya kawaida inakupa jibu lilelile bila hatari.

Tatu, muulize mwenye gari kuhusu redio. Hili linaonekana dogo lakini ndilo linaloleta ugomvi. Redio nyingi za Toyota zilizokuja na gari kutoka Japani, hasa zenye ramani, zikikosa moto zinajifunga. Ukiwasha unakuta maandishi ya Kijapani, yanadai kadi ya ramani au namba ya kufungulia. Kama kadi ipo, mwambie mteja asiitoe. Kama haipo, kuna kibetri kidogo cha volti 12 unachokifunga kwenye waya za gari kabla hujatoa betri kubwa, ili moto usikatike. Mimi hukifunga moja kwa moja kwenye vichwa vya waya, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na ile terminali chanya naizungushia kitambaa kikavu au mpira, maana bado ina moto na ikigusa bodi cheche zitakuamsha. Lakini kama kazi yako inahusu eabegi au usukani, kibetri hicho hakitakiwi hata kidogo. Toa terminali hasi, na Toyota wenyewe wanaagiza usubiri angalau sekunde 90 kabla hujagusa chochote.

Kifaa kimeshabadilishwa, betri imerudi. Hapo ndipo wengi wanapofunga boneti, na hapo ndipo kazi ya kompyuta inapoanza.

Chukua mfano wa kusafisha throto. Miaka inavyokwenda masizi huziba ule mwanya mdogo pembeni ya kipepeo, kile kisahani kinachofungua na kufunga hewa ndani ya throto. Kompyuta inaona hewa imepungua, inafungua kipepeo kidogo zaidi, na inakumbuka. Wewe unakuja na dawa na kitambaa, unang'arisha. Mwanya umerudi mkubwa, ila kompyuta bado inafungua kwa kipimo cha uchafu. Injini inapiga 1,500 imesimama, na mteja anasema umeiharibu. Hukuiharibu, hujaifundisha upya.

Kwenye Toyota nyingi za petroli njia ni ya upole. Zima kila kitu, AC, taa, redio. Weka swichi on, subiri sekunde chache, washa bila kugusa pedeli, iache ipate moto mpaka feni ipige na kuzima. Kisha washa AC, dakika kadhaa, uone sailensi inajibeba. Ndipo utoke barabarani.

Nissan zenye throto ya umeme, X-Trail, Tiida, Dualis, zina ibada yake, na haitaki kubahatisha. Kuna hatua 3 zinazofuatana. Ya kwanza ni pedeli: mguu usiwepo kabisa, swichi on sekunde 2, zima sekunde 10, on tena sekunde 2, zima sekunde 10. Ya pili ni throto: swichi on, kisha zima, tega sikio karibu na throto, utasikia kipepeo kikijisogeza kwa sekunde kama 10. Ya tatu ndiyo ya sailensi. Injini iwe na joto la nyuzi 70 hadi 100, gia kwenye P, vyote vizimwe, na volti kwenye sailensi zisipungue 12.9. Zima injini sekunde 10. Swichi on, hesabu 3. Kanyaga pedeli hadi chini na kuachia mara 5 ndani ya sekunde 5. Hesabu 7. Kanyaga hadi chini ushikilie kama sekunde 20: taa ya injini itaanza kupepesa, kisha itaacha kupepesa na kubaki imewaka. Ndani ya sekunde 3 achia, washa injini, iache sekunde 20.

Hapo utashindwa mara 4, mara 5. Si ubaya wako, ni kuhesabu. Nilimpa kijana wangu saa ya simu iliyowekwa juu ya dashibodi, akahesabu kwa sauti, ikakubali mara ya pili. Ikigoma kabisa rudi kwenye volti na joto kabla hujatukana throto. Au tumia mashine, menyu ipo.

Vioo ni rahisi: shusha mpaka chini, pandisha bila kuachia swichi, kikifika juu endelea kuvuta sekunde 2 au 3. Fanya kila mlango. Taa ya VSC, ule mfumo wa kuzuia gari kuteleza, ikibaki, nyoosha usukani, gari liwe sehemu tambarare, uweke sensa zake sifuri kwa mashine.

Kwenye magari ya Ulaya kama BMW, na hata ya Kijapani yanayojizima kwenye foleni, betri mpya hutambulishwa kwa mashine, la sivyo gari linaendelea kuichaji kama mzee wa zamani. Hayo yanayojizima yanataka betri ya aina yake, EFB au AGM. Ukiweka ya kawaida kwa sababu inaingia kwenye kitanda chake, itamfia mteja mapema.

Kubadili kontroli boksi yenyewe msikimbilie. Ukileta ya kutoka kwenye gari jingine, hata namba zikifanana, haiijui funguo. Kwenye baadhi ya Toyota mafundi huunganisha tundu namba 4 na 13 za soketi, swichi on, dakika 30, ili zitambuane. Fanya hivyo tu kama una hakika ni gari linalokubali njia hiyo, na uhesabu matundu mara 2. Tundu la 16 lina moto wa betri moja kwa moja.

Barabarani, msilipime gari la mteja kwenye foleni. Mimi hutoka saa nne asubuhi, foleni ikiwa imelegea, naingia Barabara ya Mandela, napanda na kushuka spidi, nasimama, naondoka taratibu, kisha kwa nguvu. Nikirudi nachomeka mashine tena na kuandika kodi chini ya zile za mwanzo, ukurasa uleule.

Na ninapokabidhi funguo nasema hivi: "Dada, kwa siku mbili tatu gia zinaweza kuingia kwa ukali kidogo na sailensi kuyumba, gari linakuzoea upya. Taa ikiwaka nipigie, uangalie lilikuwa linafanya nini saa hiyo. Na mtu yeyote asikuchomolee betri kabla hujanifikia."