Wapokeaji wa Bengals, msimu wa 2024

Ndugu, umeuliza kama Cincinnati Bengals ndio waliokuwa na wapokeaji bora (wachezaji wanaokimbia mbele kudaka pasi) katika NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, msimu wa 2024. Kwa wale wawili wa kwanza, Ja'Marr Chase na Tee Higgins, ndiyo, na sioni wa kuwapita.

Ja'Marr Chase aliongoza ligi nzima kwa mambo matatu: mipira 127 aliyodaka, yadi 1,708 na tachidauni 17 (kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani). Ila takwimu hazionyeshi kinachowaumiza mabeki zaidi. Joe Burrow, mrusha pasi wa timu, anamrushia pasi fupi, ya yadi tano tu, yeye anamkwepa wa kwanza, anampita wa pili kwa mbio, na hapo hakamatiki tena. Novemba dhidi ya timu ya Baltimore Ravens alivuna yadi 264 na tachidauni 3, na bado timu ikafungwa 35-34!

Tee Higgins ni mrefu, karibu mita 1.93, na mpira wa juu ukigombaniwa karibu na mstari wa mwisho mimi namwamini yeye kuliko mtu yeyote. Akishadaka lakini hakimbii sana, na majeraha yalimfanya acheze mechi 12 tu kati ya 17. Hata hiyo ya Ravens hakuwepo.

Udhaifu wenyewe uko kwa wapokeaji wanaowafuata. Andrei Iosivas ana mbio na anajituma, ila beki mzuri akimbana hajitoi kirahisi. Higgins akikosekana, wapinzani wanaweza kumwekea Chase watu wawili bila kuogopa kuumizwa sana upande wa pili.