Je, tuuze shamba kijana akasome uhandisi wa kemikali?

SWALI: Injinia, mimi ni mama wa Kibosho. Kijana wangu wa pili amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), kapata daraja la pili. Anataka uhandisi wa kemikali. Kuna wakala hapa Moshi mjini anatuambia tusihangaike na Dar es Salaam miaka minne. Anasema kuna chuo nje ya nchi kinatoa digrii ya Kemia ya Viwandani kwa miaka mitatu, ni kitu kilekile, na ajira kwenye gesi ziko nje nje. Anataka milioni 14 za mwaka wa kwanza kabla mwezi haujaisha. Baba yake anafikiria kuuza shamba letu la tambarare. Je, hii digrii itarudisha hizo gharama?

JIBU: Mama, shamba lisiuzwe. Labda ipo siku litauzwa kwa sababu nyingine, lakini si kwa maneno ya huyo wakala. Maswali ya namna hii hunijia kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, na ndani yake hayakosi maneno hayo: "ni kitu kilekile". Ningekuwa na uwezo ningeyapiga marufuku.

Si kitu kilekile, na nitakuonyesha kwa jambo la hukuhuku kwetu. Ninyi wa Kibosho mmejaliwa maji ya mlimani. Nenda upande wa Meru, Maji ya Chai na Ngurdoto, uangalie meno ya watu waliokulia kule. Ile rangi ya kahawia ni floraidi iliyomo kwenye maji. Mkemia atachukua chupa ya maji ya kisima, atapima, atakwambia kuna miligramu ngapi kwa lita, wakati kiwango salama ni 1.5. Atakwambia pia kwamba mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinyonya floraidi hiyo. Kazi yake imeishia hapo, na ni kazi ya heshima.

Mhandisi wa kemikali anaanzia hapo. Konzi moja ya mifupa ukiichoma maabara, inaiva sawasawa. Jaza tanuru magunia ishirini uone. Iliyo karibu na moto inapitiliza, inakuwa myeupe kama chokaa, na hiyo floraidi inaipita tu. Iliyo katikati haijafikiwa na joto vizuri, bado ina rangi ya udongo na mafuta ndani, na maji yakipita humo yanatoka na harufu ya mzoga. Hakuna mtoto atakayeyanywa. Mfupa ulioiva ukiuvunja ni mweusi mpaka moyoni. Sasa fanya magunia yote ishirini yawe hivyo, kwa kuni ambazo kijiji kinaweza kuzinunua, kisha useme chujio lijazwe kilo ngapi, maji yapite kwa kasi gani, na mkaa ubadilishwe baada ya lita ngapi. Ukikosea hesabu hiyo ya mwisho watu wataendelea kunywa floraidi huku wakidhani wako salama. Kijana wako akisema anapenda kemia, muulize kama anapenda na hesabu za namna hii, maana miaka minne atashinda nazo: joto linavyosafiri, maji yanavyosukumwa kwenye bomba, nini kimeingia kwenye mtambo na nini kimetoka.

Tofauti hii ipo mpaka kwenye sheria. Mhandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Bodi hutazama digrii yako ni ya uhandisi au siyo. Wakemia wana baraza lao. Ukiwa na digrii ya Kemia ya Viwandani unaweza kupata kazi nzuri kwenye maabara ya kiwanda, tena wapo ninaowaheshimu sana, lakini kuitwa injinia na kuweka saini kwenye mchoro wa mtambo hapana. Ule mwaka mmoja ambao wakala anawapunguzia ndio uhandisi wenyewe.

Tuje kwenye fedha. Ada ya kozi za uhandisi kwenye vyuo vyetu vya umma huzunguka milioni moja na nusu kwa mwaka. Ongeza chumba, chakula na vitabu. Kijana wa PCM mwenye ufaulu kama wake aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na ajue mapema kwamba akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Kwenye mshahara wa milioni moja hiyo ni 150,000 kila mwezi, kabla ya kodi na NSSF hazijachukua chao. Wazazi wengi hawaipigii hesabu hii, wanashangaa mtoto "injinia" hatumi hela nyumbani.

Gharama ambayo haiandikwi popote ni miaka inayofuata. Baada ya chuo kuna mafunzo ya kazini chini ya usimamizi wa wahandisi wazoefu, miaka mitatu, ndipo aombe usajili kamili, na posho ya kipindi hicho si ya kujengea nyumba. Mimi mafunzo yangu ya vitendo ya mwaka wa kwanza, wiki nane, nilizianza kwa kufagia. Wiki ya tatu pampu moja ikaanza kutoa mlio kama inasaga kokoto. Nikakimbilia daftari. Mzee mmoja fundi, darasa la saba, akaweka mkono juu ya bomba la kuvutia maji, akaenda akafungua vali ambayo mtu wa zamu alikuwa ameibana, mlio ukakata. Jioni nikakuta sura nzima ya kitabu inaeleza alichokifanya. Ndiyo maana nawaambia vijana: msiombe barua ya mafunzo ya ofisini yenye kiyoyozi.

Kazi zipo? Zipo, si nyingi, na haziko mlikoambiwa. Gesi ya bahari kuu ilianza kugunduliwa 2010, na vijana wa nchi hii wakakimbilia kozi za mafuta na gesi kama nzige. Kiwanda cha kuisindika cha Lindi hakijajengwa mpaka leo ninapoandika. Tazameni karibu na nyumbani kwanza. Kiwanda cha sukari cha TPC kinakamua miwa, kinachemsha juisi, kinachoma makapi kwenye boila na kupata umeme. Kuna viwanda vya bia na soda Moshi na Arusha, kuna ngozi pale Karanga, mbolea ya fosfeti Minjingu, na mamlaka za maji za miji yote miwili. Mshahara wa kuanzia huko hautamfurahisha jirani yenu, ila miaka mitano kwenye mtambo unaozunguka usiku na mchana ni mtaji.

Sasa huyo wakala. Mnaonaje kama mtamuuliza mambo mawili tu: amesajiliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kuwa wakala wa vyuo vya nje? Na cheti cha chuo hicho TCU wanakitambua? Jibu msilipokee kutoka kwake, lipokeeni TCU wenyewe, kwa maandishi, kabla ya shilingi kutoka. Mtoto anayekwenda nje anahitaji hati ya TCU ya kutokuwa na pingamizi, na kama wakala hajaitaja hiyo katika mazungumzo yote mliyofanya, mmeshapata jibu. "Kabla mwezi haujaisha" ni lugha ya muuza viwanja.

Na si mawakala pekee. Arusha sasa hivi kuna semina za siku tatu za sabuni ya maji na dawa za chooni, mwishoni unapewa cheti kilichoandikwa "mtaalamu wa kemikali za viwandani". Kujifunza sabuni ni riziki halali. Lakini nimemwona mhitimu wa semina hizo akimimina maji juu ya kostiki soda iliyojaa ndoo, badala ya kuitia kostiki kidogo kidogo kwenye maji. Ilichemka ikamrukia mikononi. Mkufunzi wake alikuwa amemfundisha bei ya kuuzia.

Mwaka juzi alinijia kijana wa huku huku, amerudi kutoka nje na digrii ya Kemia ya Viwandani, ameambiwa njia yote kwamba ni uhandisi. Alitaka nimsimamie ili aombe usajili. Cheti kizuri, kina muhuri wa dhahabu. Nilikisoma mara mbili nikitafuta neno "uhandisi", yeye ameketi mbele yangu na bahasha magotini. Baba yake alikuwa anamsubiri nje, kwenye gari la kukodi.