Bei Imepanda, Mkataba Haujaisha: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu mshauri, miezi minane iliyopita nilisaini mkataba wa miaka miwili na kampuni ya simu, nikapewa simu mpya pamoja na kifurushi cha dakika na data kwa malipo ya kila mwezi. Wiki iliyopita nilipokea ujumbe mfupi unaosema kwamba kuanzia mwezi ujao malipo yangu yatapanda. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, kijana aliyepokea aliniambia kwamba nilikubali mwenyewe. Mimi nakumbuka kukubali bei moja tu, ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Je, kampuni ina haki ya kunifanyia hivi? Na je, ninaweza kuuvunja mkataba bila kutozwa chochote? – Mama wa watoto watatu

JIBU: Dada, maswali yako yote mawili yanategemea jambo moja, nalo ni hili: je, ongezeko hilo lilikuwa limeandikwa ndani ya mkataba siku uliyosaini, au kampuni imelifikiria baadaye? Wateja wengi hubishana na huduma kwa wateja juu ya ukubwa wa ongezeko, ilhali kinachoamua haki yao si ukubwa wake, bali ni mahali lilipotoka.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga simu tena, utafute mkataba wenyewe. Kama ulisaini dukani, ulipewa nakala. Kama ulinunua kwa simu au kwa intaneti, huenda ulitumiwa kwa barua pepe, na mara nyingi unapatikana pia ndani ya akaunti yako kwenye programu ya kampuni. Usiishie kwenye ukurasa wa kwanza wenye bei. Tafuta kipengele kinachozungumzia marekebisho ya bei ya kila mwaka, mfumuko wa bei, au mwezi fulani ambao malipo hubadilika. Kipengele hicho mara nyingi ni sentensi mbili tu, na aghalabu hakipo karibu na ile bei ya herufi kubwa.

Ukikikuta, na ongezeko walilokutangazia likalingana na kilichoandikwa, basi kwa kawaida mkataba unakubana. Hukuitaja nchi unayoishi, kwa hiyo nitatumia mifano ya Umoja wa Ulaya na Uingereza. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililiangalia suala hili katika kesi iliyohusu kampuni ya A1 ya Austria, na tarehe 26 Novemba 2015 iliamua kwamba bei inapopanda kwa kufuata kipengele kilichokuwamo mkatabani, kilichofungwa kwenye kipimo rasmi cha bei za walaji kinachotolewa na taasisi ya umma, hayo si mabadiliko ya mkataba, na kwa hiyo hayampi mteja haki ya kujitoa.

Usipokikuta, au kiasi walichotangaza kikazidi kilichoandikwa, hali inageuka kabisa. Chini ya sheria ya mawasiliano ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2018, kampuni inayotaka kubadili masharti inalazimika kumjulisha mteja angalau mwezi mmoja kabla, na kumwambia waziwazi kwamba asipokubali ana haki ya kuuvunja mkataba bila gharama ya ziada. Uingereza ina utaratibu unaofanana na huo. Haki hiyo ina muda wake, ambao kwa kawaida ni mwezi mmoja tangu siku ya taarifa, na ukipita bila wewe kusema neno utahesabiwa kuwa umekubali. Kwa sababu hiyo nakuomba uiangalie leo hii tarehe ya ule ujumbe mfupi, uuhifadhi usifutike, na kama haki hiyo unayo, uandike barua ya kujitoa badala ya kuitamka tu kwenye simu. Maneno ya simuni hayaachi ushahidi mikononi mwako.

Kwa upande wa simu yenyewe, sheria hiyo ya Ulaya inasema kwamba mteja anayejitoa kwa haki na kubaki na kifaa alichopunguziwa bei anaweza kudaiwa fidia, lakini fidia hiyo haiwezi kuzidi thamani ya kifaa iliyopigiwa hesabu kwa muda uliobaki, au ada za huduma zilizobaki hadi mwisho wa mkataba, kutegemea kipi ni kidogo. Angalia pia kama mkataba wako unatenganisha mkopo wa simu na ada ya huduma. Pale vinapotenganishwa, mkopo kwa kawaida haupandi, na ongezeko hugusa ada ya huduma peke yake. Pale vinapochanganywa, asilimia ya ongezeko hupigwa juu ya jumla yote, hata juu ya sehemu ambayo kwa kweli ni malipo ya kifaa kilichokwisha kutoka dukani.

Tuseme umegundua kwamba kipengele kipo na huna mlango wa kutokea. Piga hesabu kabla ya kukasirika. Kama unalipa 30 kwa mwezi, ongezeko ni 2, na imebaki miezi 16, ongezeko hilo litakugharimu 32, au 40 ikiwa mwakani litaongezwa 2 nyingine kwa miezi minne ya mwisho. Tozo ya kuvunja mkataba huhesabiwa kwa miezi iliyobaki, ambayo kwako ni takribani 480 kabla ya makato yoyote watakayokupunguzia. Katika hali hiyo ni nafuu kubaki, na nguvu zako zielekezwe kwenye kupunguza bili. Fungua mipangilio ya simu uone ni data kiasi gani unatumia kwa mwezi. Watu wengi hulipia data nyingi kuliko wanayotumia, na baadhi ya kampuni humruhusu mteja kushuka kwenye kifurushi kidogo katikati ya mkataba. Kagua bili mstari kwa mstari: bima ya simu uliyoikubali bila kuifikiria, huduma za burudani ambazo miezi yake ya bure imekwisha, nyongeza ya kupiga nje ya nchi uliyoihitaji mara moja tu. Kuondoa kimoja kati ya hivyo mara nyingi hufidia ongezeko lote.

Nakusihi jambo moja, dada yangu: usisitishe malipo benki kama njia ya kugoma. Nimeona watu wakifanya hivyo wakiwa na haki kabisa, kisha laini ikafungwa, deni likapelekwa kwa wakusanya madeni, na jina lao likachafuka kwenye kumbukumbu za mikopo kwa miaka. Endelea kulipa huku ukiandika malalamiko rasmi. Kampuni isipoyashughulikia ndani ya muda uliowekwa, yapeleke kwenye chombo huru cha usuluhishi au kwa mamlaka inayodhibiti mawasiliano katika nchi unayoishi.

Nimalizie jibu hili kwa kusema wazi msimamo wangu. Kipengele kinachofunga bei kwenye mfumuko wa bei kinaweza kuwa halali, lakini sikioni kuwa cha haki, kwa sababu kinamtaka mtu asaini kiasi ambacho hakuna ajuaye, wala muuzaji mwenyewe. Uingereza ilitoa mfano mchungu. Kampuni kadhaa huko zilitumia kanuni ya kuchukua mfumuko wa bei wa mwezi wa Desemba na kuongeza asilimia 3.9 juu yake. Mwaka 2022 ongezeko likawa asilimia 9.3, na mwaka 2023 likafika asilimia 14.4. Aliyesaini mkataba wa miezi 24 mwishoni mwa 2021 aliyabeba yote mawili, moja juu ya jingine, na katika miezi yake ya mwisho alikuwa analipa robo zaidi ya bei aliyoanza nayo. Hasara ya mfumuko wa bei alitwishwa yeye, ambaye mshahara wake haukuwa na kipengele cha namna hiyo, wakati kampuni ilikuwa na wataalamu wa kupiga makadirio.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mama yangu amekuwa na mkataba wa simu na kampuni ileile kwa muda mrefu. Nimegundua kwamba muda wa mkataba wake uliisha zaidi ya mwaka mmoja uliopita, lakini bado analipa vilevile, na kila mwaka bei inapanda. Nikimwambia ahame, ananijibu kwamba hawezi kupoteza namba ambayo ndugu wote wanayo na ambayo benki humtumia ujumbe. Nifanyeje? – Kijana wa mwisho

JIBU: Marahaba. Mwambie mama kwamba mtu ambaye muda wake wa mkataba umekwisha ndiye mwenye uhuru mkubwa kuliko wateja wote, kwa kuwa anaweza kuondoka kwa taarifa fupi bila kulipa tozo ya kuvunja mkataba. Linaloniuma katika habari yake ni kwamba, kama malipo yake yalijumuisha simu na hayakutenganishwa, kuna uwezekano mkubwa kuwa simu hiyo ameshailipia yote, na kwa zaidi ya mwaka amekuwa akiilipia tena. Kampuni za Uingereza zinalazimika tangu Februari 2020 kumjulisha mteja mkataba wake unapokaribia kwisha na kumwonyesha vifurushi vinavyomfaa, na sheria ya Umoja wa Ulaya inadai taarifa kama hiyo, lakini ujumbe wa namna hii humpita kwa urahisi mzazi ambaye huzisoma tu jumbe za watoto na wajukuu.

Namba hataipoteza. Kuhama mtandao bila kubadili namba ni haki iliyowekwa katika nchi nyingi, na kinachotakiwa ni kufuata mpangilio sahihi. Kwanza hakikisheni kwamba mtandao mnaouendea unashika vizuri nyumbani kwa mama, hasa ndani ya chumba anachokaa. Kisha angalieni kama simu yake haijafungwa kwa mtandao mmoja. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa mwezi Desemba 2021, lakini simu za zamani zaidi zinaweza kuwa bado zimefungwa, na kampuni iliyoiuza ndiyo inayoifungua. Baada ya hapo chukueni laini mpya, na ndipo muombe kuhamisha namba. Kwa walio Uingereza, tangu tarehe 1 Julai 2019 inatosha kutuma neno PAC kwenda 65075, nanyi mtajibiwa kwa msimbo unaodumu siku 30 ambao mtaukabidhi kwa kampuni mpya. Kosa la kuepuka ni kupiga simu na kufuta laini ya zamani kwanza, maana namba iliyofutwa kabla ya kuhamishwa inaweza kupotea moja kwa moja, na hapo hofu ya mama itakuwa imetimia.

Kama moyo wake haumruhusu kuiacha kampuni aliyoizoea, akae nawe mpige simu pamoja, aseme kwamba anataka kuondoka. Kwa kawaida atahamishiwa kwenye kitengo cha kuwabakiza wateja, ambacho kina bei ambazo hazitangazwi. Aombe kifurushi cha laini peke yake, bila simu, na asikubali mkataba mpya wa miaka miwili kama asante ya punguzo hilo kabla hamjausoma.

SWALI: Ninakaribia kusaini mkataba mpya. Wakala ananihakikishia kwamba bei haitapanda tena kwa asilimia, bali kwa kiasi maalumu kilichoandikwa. Je, huo ni mkataba bora? – Msomaji wa siku nyingi

JIBU: Ni bora kwa upande wa kujua, lakini haina maana kwamba ni nafuu. Kwa mikataba mipya iliyosainiwa kuanzia tarehe 17 Januari 2025, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza, Ofcom, alikataza kupandisha bei kwa kufuata mfumuko wa bei au asilimia. Ongezeko lolote la katikati ya mkataba sharti liandikwe kwa paundi na pensi, pamoja na tarehe yake, kabla mteja hajasaini. Naupongeza uamuzi huo. Hata hivyo, kiasi kinapokuwa kimoja kwa wateja wote, humwelemea zaidi mwenye kifurushi kidogo. Chukua ongezeko la 2 kila mwaka, na mkataba wa miezi 24 uliosainiwa miezi miwili kabla ya tarehe ya kupanda. Aliyeahidiwa 10 kwa mwezi atalipa jumla ya 304 badala ya 240, yaani zaidi ya robo juu ya alichodhani. Aliyeahidiwa 40 atalipa 1,024 badala ya 960, ambalo ni ongezeko lisilofika asilimia 7. Wote wawili wameongezewa 64 ileile.

Mfano huo unaonyesha pia kwamba siku ya kusaini ina uzito. Ukisaini muda mfupi kabla ya tarehe ya kupanda, utakutana na maongezeko mawili ndani ya miezi 24, na bei uliyovutiwa nayo utaiona kwa miezi miwili tu. Mwombe wakala akuandikie jumla ya fedha zote utakazolipa kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, kisha uilinganishe na gharama ya kununua simu taslimu na kutumia laini ya mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Na kama uko Uingereza au katika nchi ya Umoja wa Ulaya, fahamu kwamba mkataba uliofungwa kwa simu au kwa intaneti unakupa siku 14 za kubadili mawazo, ilhali ule uliousaini ukiwa umesimama dukani kwa kawaida haukupi hata moja.