Koili ya IRM ikishindwa kujirekebisha, pimeni kwanza joto la sumaku

Mafundi wa Lubumbashi wanaotunza mashine za IRM (zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) zenye sumaku ya kudumu, mashine ikiandika kwamba koili, yaani antena inayopokea mawimbi ya mgonjwa, imeshindwa kujirekebisha ifuate masafa yake, msikimbilie bisibisi. Koili inaweza kuwa nzima kabisa.

Sumaku ya tesla 0.3 inataka koili isikilize kwenye megahezi 12.77. Sumaku ya neodimi hupungua nguvu kwa takriban asilimia 0.11 kwa kila digrii ya joto inayoongezeka, na ikipoa nguvu hupanda. Masafa hufuata nguvu hiyo, kwa hiyo husogea kama kilohezi 14 kwa digrii moja. Umeme ukikatika usiku wa Juni au Julai, baridi inapokaza, hita za sumaku huzimika. Sumaku ikipoa digrii 5, masafa yameshapanda kilohezi 70. Koili yenye Q (kipimo cha ukali wa kuchagua masafa) ya 100 ina upana wa kilohezi 128 tu, yaani 64 kila upande wa kilele, kwa hiyo mawimbi ya mgonjwa yamekwisha kutoka nje. Mashine hupandisha volti ya dayodi ya varakta (inayobadilisha masafa ya koili kwa volti) ili kuyafuata, mpaka inagonga mwisho wa kipimo. Umeme ukirudi, sumaku ya tani kadhaa haipati moto kwa saa moja wala mbili. Subirini ifike kwenye joto lililowekwa na kiwanda na itulie, kisha tafuteni upya masafa ya kati.

Joto likiwa sawa lakini kosa limebaki, pimeni volti ya varakta kwenye soketi ya koili wakati mashine inajirekebisha. Isiposogea, shida iko kwenye kadi inayoituma. Ikisogea, fuateni kebo, hasa pale inapoingia kwenye plagi, maana ndipo inapokunjwa kila siku: ikunjeni polepole huku mita ikiwa imeunganishwa.

Kwa koili isiyo na amplifaya ndani, NanoVNA, kifaa kidogo kinachoonyesha koili inasikiliza masafa gani, inatosha. Wekeni kapasita ya nanofaradi 10 mbele yake, la sivyo volti ya varakta itaiunguza. Ndani ya koili, badala ya mgonjwa, wekeni chupa ya maji yenye gramu 5 za chumvi kwa lita. Lisheni varakta kinyume kwa betri ya volti 9 kupitia potenshiometa na rezista ya kilo-omu 100. Volti ikipanda, bonde kwenye skrini (pale mstari unaposhuka) lipande masafa taratibu bila kuruka. Likifika desibeli -20, ni asilimia 1 tu ya nguvu inayorudi. Bonde likikwama, shukuni varakta au kapasita iliyopasuka.

Kapasita za kawaida zina nikeli kwenye ncha, nazo huharibu picha. Kabla ya kuchomelea mpya, ining'inizeni kwa uzi karibu na sumaku: ikivutwa, tafuteni nyingine.