Kutwa ni ndefu tangu uache bahari

Shikamoo, mzee wangu. Umesema tangu magoti yalipokukatalia kwenda kuvua, hapo Lamu kutwa waona ukuta tu, hujui ufurahie nini. Nakuomba uanze na alasiri. Swala ikiisha usirudi ndani. Keti Mkunguni, mbele ya ngome, jua likipoa. Kahawa chungu kikombe kidogo, kipande cha halua (kama sukari haikusumbui), bao likichezwa pembeni. Marehemu babangu akisikia vikombe vya muuza kahawa vikigongana, kabla hata hajamwona, uso wote humkunjuka. Nami hadi leo nikiisikia sauti ile namkumbuka yeye.

Wajukuu wafundishe kushona nyavu, mikono yako bado inajua. Na jioni mpelekee bibi kikuba cha asumini, chumba kizima kinukie.